Kupima Faida na Madhara ya Dawa za Sonona katika Tiba ya Hofu na Mawazo ya Kujirudia

Utangulizi

Neno wasiwasi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Kwa watu wa pwani, wakiwamo wakazi wa Kisarawe na Kibaha, neno hilo moja hubeba mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni hofu: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kupotea na akili kungojea balaa, ilhali hakuna hatari iliyo dhahiri. La pili ni shaka inayorudi tena na tena. Mtu ametawadha, lakini hana hakika kwamba maji yamefika. Hutawadha mara ya pili, ya tano, ya kumi, mpaka wakati wa sala ukampita. Mwingine amefunga mlango, amehakikisha umefungwa, na bado hurudi njiani kuutazama.

Sayansi ya tiba huliita jambo la kwanza maradhi ya hofu, na la pili maradhi ya mawazo na matendo ya kujirudia. Yote mawili mara nyingi hutibiwa kwa dawa ambazo jina lake humshangaza mgonjwa na jamaa zake, yaani dawa za sonona. Mgonjwa husema, "Mimi sina huzuni, mbona napewa dawa ya huzuni?" Halafu husikia habari za madhara yake, akazikataa, au huanza kuzimeza, akachafukwa na tumbo siku ya tatu, akaziacha.

Makala haya yana shabaha ya kuwaonyesha walimu na wanafunzi wa sekondari jinsi uamuzi wa namna hii unavyoweza kupimwa kwa njia ya kisayansi. Kila dawa yenye nguvu ya kuponya huweza pia kudhuru. Kwa hiyo madhara yake hayana budi kuwekwa katika mizani pamoja na mambo mengine matatu: faida ya dawa hiyo, madhara ya ugonjwa usipotibiwa, na njia nyingine za tiba zinazopatikana mahali mgonjwa anapoishi.

Maradhi haya ni yapi?

Yafaa ieleweke kwanza kwamba hofu si ugonjwa. Mwanafunzi anayeogopa mtihani wa Kidato cha Nne ana hofu yenye manufaa, kwani humsukuma asome. Hofu huwa maradhi inapodumu kwa muda mrefu, inapozidi mno kile kinachohofiwa, na inapomzuia mtu kufanya kazi zake za kila siku.

Maradhi ya mawazo ya kujirudia yana mzunguko wake maalumu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanafunzi wa bweni katika shule mojawapo ya Kibaha. Linamjia wazo kwamba mikono yake ina vijidudu vitakavyomwua mdogo wake nyumbani. Wazo hilo humtia hofu kuu. Hunawa, na hofu hupungua. Lakini kule kupungua kwa hofu ndiko kunakoifundisha akili kwamba kunawa ndiyo salama. Basi wazo linaporudi, huja na nguvu zaidi na hudai kunawa kwa muda mrefu zaidi. Mwisho wake mwanafunzi huyo hutumia saa 3 kwa siku bombani, ngozi ya mikono hupasuka, na masomo humshinda. Yeye mwenyewe anajua kwamba jambo hilo halina maana, na aibu humfanya alifiche.

Hali hii si ngeni katika historia. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyeishi kati ya mwaka 850 na 934, aliandika juu ya mawazo yanayomrudia mtu bila hiari yake, akapendekeza yakabiliwe kwa fikra. Hivyo si haki kumwita mgonjwa wa namna hii mwenye imani dhaifu, wala mvivu, wala mwendawazimu.

Dawa hufanyaje kazi?

Seli za neva hazigusani. Kati ya seli moja na ya pili kuna mwanya mwembamba uitwao sinapsi, na ujumbe huvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali. Mojawapo ya kemikali hizo ni serotonini. Baada ya kufikisha ujumbe, serotonini hufyonzwa tena na seli iliyoitoa. Dawa nyingi za sonona huzuia ufyonzaji huo, na hivyo serotonini hukaa katika mwanya kwa muda mrefu zaidi.

Dawa hizo ni za makundi mawili makuu. Kundi la zamani lilianzia kwa imipramini, ambayo daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza matokeo yake mwaka 1957. Ndugu zake ni amitriptilini na klomipramini. Kundi jipya ni lile linalolenga serotonini zaidi kuliko kemikali nyingine, nalo linajumuisha fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, na setralini.

Kuzuia ufyonzaji huanza saa chache baada ya kumeza kidonge, lakini nafuu huchelewa. Kwa maradhi ya hofu huchukua majuma kadhaa. Kwa maradhi ya mawazo ya kujirudia huweza kuchukua majuma 8 hadi 12, na mara nyingi kwa kipimo kikubwa zaidi. Jambo hili ni la maana sana katika mizani yetu: madhara hutangulia, faida hufuata. Mgonjwa asiyeelezwa hivyo huacha dawa katika wakati ule ule ambao ameonja uchungu wake bila kuonja utamu wake.

Yafaa pia kutofautisha dawa na dawa. Amitriptilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, nayo husaidia katika sonona na katika aina fulani za maumivu. Lakini kwa maradhi ya mawazo ya kujirudia dawa zilizothibitika ni zile zinazotenda kazi kwa nguvu juu ya serotonini, yaani klomipramini, fluoksetini, setralini na za jamii hiyo. Mgonjwa wa maradhi haya akipewa amitriptilini huenda akabeba madhara yote ya dawa bila ya kupata faida aliyoitarajia. Ndiyo maana uchunguzi sahihi wa ugonjwa hutangulia uchaguzi wa dawa.

Madhara na sababu zake

Mwanafunzi wa Baiolojia asikariri orodha ya madhara tu. Ajiulize chanzo chake.

Kichefuchefu na kuharisha hutokea kwa sababu sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, takriban asilimia 90, imo katika matumbo wala si katika ubongo. Dawa haichagui, hufika kote. Maudhi haya kwa kawaida hupungua baada ya juma moja au mawili.

Kukauka kwa kinywa, kufunga choo, kuona ukungu na mkojo kuwa mgumu ni madhara ya dawa za kundi la zamani, kwa kuwa hizo huzuia pia kemikali nyingine ya neva iitwayo asetilikolini. Kadhalika huleta usingizi na huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Zikimezwa nyingi kwa mara moja huua. Kwa hiyo zisiachwe ovyo katika nyumba yenye watoto au yenye mtu anayefikiri kujidhuru.

Kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, au kuchelewa kufika kilele, ni jambo la kawaida kwa dawa zinazolenga serotonini. Wagonjwa wengi huona haya kulitaja, wakaziacha dawa kimya kimya. Daktari huweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, lakini sharti aambiwe.

Hofu kuongezeka mwanzoni huwapata baadhi ya wagonjwa katika siku za kwanza. Ndiyo sababu daktari huanza na kipimo kidogo.

Dhara lililo zito zaidi kwa vijana ni mawazo ya kujidhuru. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitia majaribio 24 yaliyohusisha watoto na vijana zaidi ya 4,400. Ilionekana kwamba mawazo au vitendo vya namna hiyo viliwatokea wapatao 4 katika kila 100 waliopewa dawa, na 2 katika kila 100 waliopewa vidonge vitupu. Hakuna aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo. Mwaka 2007 tahadhari hiyo ilipanuliwa ikawahusu vijana hadi umri wa miaka 24. Tahadhari haisemi kwamba dawa zisitumike. Yasema kwamba kijana anayeanzishiwa dawa aangaliwe kwa karibu, hasa katika majuma ya mwanzo na kila kipimo kinapobadilishwa.

Mwisho, dawa hizi zikiachwa ghafula huleta kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira, na hisia kama ya shoti ya umeme kichwani. Sharti zipunguzwe polepole chini ya uangalizi wa daktari.

Dawa zinapokutana mwilini

Mikoa ya pwani ni mikoa ya malaria, na tangu mwaka 2006 nchi yetu imeichagua dawa mseto ya ALu kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mojawapo ya viungo vyake, lumefantrini, huzuia kimeng'enya cha ini ambacho pia huvunja dawa za sonona za kundi la zamani. Matokeo yake ni kwamba amitriptilini au klomipramini huweza kuzidi katika damu, ilhali zote huweza kuathiri mwendo wa umeme wa moyo. Kwa hiyo mkazi wa Mlandizi au wa Maneromango anayetumia dawa hizo, akipata homa na kuthibitika kuwa na malaria, hana budi kumwambia mtabibu dawa anazotumia kabla ya kupewa nyingine. Asiache kutibiwa malaria, kwani malaria huua. Aseme tu, ili mtabibu achague kwa hadhari.

Vivyo hivyo dawa zinazolenga serotonini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni zikitumiwa pamoja na aspirini au diklofenaki, na huweza kuleta sumu ya serotonini zikichanganywa na tramado. Dawa za miti shamba nazo zitajwe bila hofu, kwa kuwa mimea ni kemikali pia.

Njia nyingine za tiba

Njia iliyothibitishwa zaidi mbali na dawa ni tiba ya fikra na tabia. Sehemu ya mizizi yake imo Afrika: Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, katika kitabu chake cha mwaka 1958 alieleza jinsi mtu anavyoweza kuondolewa hofu kwa kukaribishwa hatua kwa hatua kwa kile anachokihofu. Mwaka 1966 Victor Meyer, akiwa London, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili wa matendo ya kujirudia kwa kuwakabilisha na kile walichokihofu na kuwazuia wasifanye tendo lao la kujituliza.

Turudi kwa mwanafunzi wetu wa mfano. Pamoja na mtaalamu, angeandika ngazi ya vitu anavyohofu, tangu kilicho chepesi hadi kilicho kizito. Angegusa kitasa cha mlango, kisha akakaa bila kunawa. Hofu ingepanda, asiponawa, ingeshuka yenyewe taratibu. Akirudia zoezi hilo siku baada ya siku, akili hujifunza somo jipya: wazo laweza kuja na kuondoka bila tendo. Tiba hii nayo ina gharama zake. Ni ngumu, hutisha mwanzoni, huhitaji majuma mengi, na huhitaji mtu aliyefunzwa.

Dawa za kutuliza kama diazepamu hutuliza hofu kwa dakika chache, na ndiyo sababu hupendwa. Lakini mwili huzizoea, mtu huzitegemea, na haziondoi maradhi ya mawazo ya kujirudia. Propranololi huzuia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, lakini haigusi mawazo. Nayo ni hatari kwa mwenye pumu.

Mazoezi ya mwili, usingizi wa kutosha na kupunguza kahawa husaidia hofu nyepesi. Ni nyongeza ya tiba, wala hayatoshi kwa ugonjwa mkali.

Mizani kwa hesabu

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani kwa watu 112 wenye umri wa miaka 7 hadi 17, wote wakiwa na maradhi ya mawazo ya kujirudia. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne ya watu 28 kila moja, wakatibiwa kwa majuma 12. Idadi ya waliofikia hali ya karibu kupona ilikuwa hivi:

Setralini pamoja na tiba ya fikra na tabia: 15 kati ya 28
Tiba ya fikra na tabia peke yake: 11 kati ya 28
Setralini peke yake: 6 kati ya 28
Kidonge kitupu: 1 kati ya 28

Sasa tuulize: ni wagonjwa wangapi watibiwe ili mmoja zaidi apone, kuliko ambavyo ingekuwa kwa kidonge kitupu? Kwa setralini, tofauti ni 6 kutoa 1, yaani 5 katika 28. Tukigawa 28 kwa 5 twapata 5.6, yaani takriban wagonjwa 6. Kwa tiba ya fikra na tabia, tofauti ni 10 katika 28, hivyo ni 2.8, takriban wagonjwa 3. Kwa zote mbili pamoja, tofauti ni 14 katika 28, yaani wagonjwa 2.

Tufanye hesabu hiyo hiyo kwa madhara. Kwa takwimu za mwaka 2004 tulizozitaja, tofauti ni 4 kutoa 2, yaani 2 katika 100. Vijana 50 watapewa dawa kabla ya mmoja zaidi kupata mawazo ya kujidhuru kwa sababu yake. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2007, uliojumlisha majaribio 27 ya sonona, hofu na mawazo ya kujirudia, ulipata tofauti ndogo zaidi, asilimia 0.7, yaani mmoja katika 143.

Hesabu hizi zatufundisha mambo matatu. Kwanza, dawa ina faida ya kweli, na dhara lake zito ni adimu kuliko faida hiyo. Pili, kwa vijana wenye maradhi haya, tiba ya fikra na tabia haikupitwa na dawa. Kwa hiyo pale inapopatikana yafaa ianze, au iambatane na dawa. Tatu, namba peke yake haziamui. Makundi ya watu 28 ni madogo, na tofauti kati ya tiba zote mbili pamoja na tiba ya fikra na tabia peke yake haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa uwezekano wa bahati. Tena kidhibiti kimoja cha hesabu hakijui kwamba mgonjwa huyu ana pumu, au yule ni mwalimu anayehitaji kuwa macho darasani saa 2 asubuhi.

Hali ya Kibaha na Kisarawe

Katika upande wa pili wa mizani kuna swali la mahali. Mkazi wa Kibaha anaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Mkazi wa Kisarawe ana hospitali yake ya wilaya. Na wote wanaweza kupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini nauli ya kila juma kwa miezi mitatu si jambo dogo kwa mkulima wa mihogo, na wataalamu wa tiba ya fikra na tabia ni wachache nchini. Hivyo dawa, ambayo katika hesabu iliyotangulia ilikuwa ya pili, yaweza kuwa ya kwanza kwa mgonjwa aliye mbali, ilimradi aangaliwe.

Wagonjwa wengi huanzia kwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Ngoma, Prince na Mann, uliofanyika Dar es Salaam, ulionyesha kwamba asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi walikuwa na maradhi ya kawaida ya akili kama hofu na sonona, ikilinganishwa na asilimia 24 ya waliokwenda vituo vya afya. Mganga humsikiliza mgonjwa na kuwakusanya ndugu, na hilo lina thamani. Hata hivyo, kwa maradhi ya mawazo ya kujirudia, kafara au zinguo linalorudiwa kila shaka inapokuja huweza kuwa tendo jingine la kujituliza, likauzidisha ule mzunguko.

Mfano wa kutia moyo watoka Zimbabwe. Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda na wenzake walianza kuwafunza akina mama wazee wa mitaa ya Harare kuzungumza na wagonjwa kwa utaratibu maalumu wa kutatua matatizo, wakiwa wamekaa bencini nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573 katika zahanati 24, lilionyesha kwamba dalili za hofu na sonona zilipungua kwa kiasi kikubwa baada ya miezi 6. Jaribio hilo halikuhusu mawazo ya kujirudia. Lakini lathibitisha kwamba sehemu ya tiba ya mazungumzo yaweza kufundishwa kwa watu wasio madaktari.

Nasaha kwa walimu

Mwalimu si daktari, wala asigawe vidonge. Lakini yeye huona mengi kabla ya wazazi: mwanafunzi anayefuta na kuandika upya jibu lile lile, anayechelewa bombani, anayeuliza swali moja mara kumi ili atulizwe. Azungumze naye faraghani bila kumkemea, awahusishe wazazi, na ampeleke hospitali. Akiwa ameanzishiwa dawa, mwalimu amsaidie kuvumilia majuma ya mwanzo na amkumbushe asiziache ghafula. Mwanafunzi akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Madhara yasiyo ya kawaida yaripotiwe kituoni, ili taarifa ifike Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Maswali na mazoezi

1. Chora sinapsi, kisha uonyeshe mahali ambapo setralini hutenda kazi. Eleza kwa nini dawa hiyo huleta kichefuchefu.

2. Katika jaribio jingine la Marekani, lililochapishwa mwaka 2008 na lililohusu watu 488 wa miaka 7 hadi 17 wenye maradhi ya hofu, waliopata nafuu kubwa walikuwa: tiba zote mbili pamoja, asilimia 80.7, tiba ya fikra na tabia, asilimia 59.7, setralini, asilimia 54.9, kidonge kitupu, asilimia 23.7. Kwa kila tiba, tafuta ni wagonjwa wangapi watibiwe ili mmoja zaidi apate nafuu. Linganisha majibu yako na yale ya maradhi ya mawazo ya kujirudia.

3. Kwa nini waliopewa kidonge kitupu nao hupata nafuu? Jaribio lisilo na kundi hilo lingetupotosha vipi?

4. Mwalimu wa Kisarawe mwenye maradhi ya hofu ameacha dawa baada ya siku 5 kwa sababu "imemzidishia". Mweleze, kwa aya moja, mambo ambayo angepaswa kuambiwa siku ya kwanza.

5. Mjadala wa darasa: Wilaya ina fedha za kufanya jambo moja tu, kununua dawa zaidi au kuwafunza wauguzi 10 tiba ya fikra na tabia. Lipi litangulie? Kila upande utumie namba zilizomo katika makala haya.